Somo: Pinterest kwa anayeanza, hasa mafundi cherehani na wateja wao

Siku hizi mteja haji kwa fundi na maneno, anakuja na simu. Anafungua picha zake, anapekua: risiti ya luku, mpwa amelala, matangazo ya kikoba, halafu "ngoja fundi, ilikuwa hapa hapa." Akiipata, ni picha ya skrini iliyokatwa kichwa. Mgongo hauonekani, na mwenyewe hakumbuki aliitoa wapi. Somo hili ni lake, na ni la mafundi wenzangu tunaoambiwa tushone mgongo ambao hatujauona.

Pinterest, mtandao wa kutafuta na kuhifadhi picha, ilianza Marekani mwaka 2010. Mmoja wa waasisi wake, Ben Silbermann, utotoni alikuwa akikusanya wadudu, na ukilijua hilo unauelewa mtandao wenyewe. Mkusanya wadudu hapigi soga na panzi. Anamchoma pini, anampanga na wenzake, anaandika alikompata. Kwa hiyo usije hapa na mazoea ya Instagram ya kuhesabu nani amependa picha yako. Hapa unakusanya vitu vya kukusaidia kesho. Kila picha huitwa pini, na pini huwekwa kwenye ubao. Wingi wake ni mbao, ingawa hatuzungumzii mninga.

Hatua ya 1: Jiunge, lakini usiguse kila kitu

Pakua programu au ingia kwa kivinjari, jisajili kwa barua pepe. Ni bure, na umri unaanzia miaka 13. Utaonyeshwa mada uchague unazozipenda. Hapa ndipo wengi hujiharibia: wanagusa mapishi, kucha, magari, paka, kisha wanalalamika kwamba ukurasa wa mbele umejaa paka. Gusa kile ulichokijia tu.

Hatua ya 2: Fungua ubao mmoja

Gusa alama ya kujumlisha, chagua Board, upe jina. Tafadhali usiuite "Mishono". Ninao wa jina hilo, una picha mia sita na ushei, na sijawahi kupata ninachokitafuta humo. Uite kwa kazi yenyewe: "Sare za kitchen party Novemba", "Mashati ya kitenge ya baba". Hapo hapo kuna swichi ya kuufanya ubao uwe wa siri. Kwa anayeanza, nashauri uiwashe.

Hatua ya 3: Tafuta kwa zaidi ya neno moja

Hii ndiyo hatua yenye utamu. Ukiandika "mishono ya vitenge" utapata kazi za kwetu. Andika "ankara", kitambaa ni kile kile, lakini umeingia Nigeria na Ghana: mikono mikubwa, shanga kifuani, vilemba vya kuziba mlango. "Chitenge" inakupeleka Zambia na Malawi. "Pagne" inakufungulia Kinshasa, Abidjan na Dakar, na kwa blauzi za kiunoni mimi huko ndiko ninakoiba maarifa. Kwa nguo ya kanga jaribu "kanga", "khanga", hata "leso" kama wasemavyo Mombasa, maana kila aliyeweka picha aliandika neno la kwao. Kisha ongeza unachotaka hasa: shati, mkono mfupi, kola ya kusimama. Neno moja peke yake linaleta bahari nzima.

Hatua ya 4: Fungua kwanza, hifadhi baadaye

Gusa picha ifunguke, utafute kiungo chake. Kikiwa kizima kitakupeleka ilikotoka, na mara nyingi huko kuna picha ya nyuma, ya ubavuni, na jina la kitambaa. Ukiridhika, gusa kitufe chekundu cha Save, chagua ubao. Ukishahifadhi, unaweza kujiandikia dokezo kwenye pini: "zipu mgongoni, urefu chini ya goti, bitana nyeusi." Fundi wako atakuombea dua.

Naisisitiza hatua hii kwa sababu ilinigharimu. Mteja aliniletea picha ya gauni la kubana hadi magotini, zuri kweli kweli, nami nikashika mkasi. Kumbe la pichani lilikuwa la kitambaa kinachovutika, na kitenge ni pamba, hakivutiki. Gauni alilivaa, lakini kukaa kwenye kiti ilikuwa shughuli. Kiungo kilikuwepo, aina ya kitambaa imeandikwa waziwazi, na sikukigusa.

Hatua ya 5: Tafuta kwa kipande cha picha

Umependa mkono tu, gauni lenyewe hapana? Fungua picha, gusa alama ndogo ya kutafutia iliyo kwenye kona yake. Kitatokea kiboksi. Kivute mpaka kizunguke ule mkono peke yake, nawe utaletewa picha zenye mikono ya namna hiyo. Maneno hayafiki huku. Jaribu wewe kumweleza mtu kwa maandishi mkono wenye mafungu matatu na kamba kwenye kiwiko.

Hatua ya 6: Mwite fundi ubaoni

Ubao ukijaa, ugawe sehemu: bibi harusi, wasimamizi, akina mama. Unaweza kumwalika fundi au kamati ya sare waone na waongeze zao, hata kama ubao ni wa siri. Afadhali hivyo kuliko picha arobaini kwenye kundi la WhatsApp zilizochanganyika na michango.

MASWALI YA WANACHAMA

Dada fundi, nikihifadhi picha ya mtu anajua? Naandaa send-off na sitaki mawifi waone mapema.

Ukiiweka kwenye ubao wa siri, aliyeiweka hapati taarifa, na ubao unaonwa na wewe pamoja na uliowaalika tu. Angalia usimwalike wifi. Na siku ukiamua kuutoa sirini, vyote vilivyomo vitaonekana, si vipya peke yake.

Niko Bukavu. Sisi tunasema kikwembe. Niandike hivyo?

Jaribu, hupotezi kitu. Ila anza na "pagne", kwa kuwa wengi wa upande wenu wanaoweka picha huandika Kifaransa. Zile utakazozipenda zifungue, ushuke chini uone zinazofanana nazo. Huko ndiko kwenye hazina.

Kuna picha siziamini. Gauni linang'aa mno, mtu hana hata kunyanzi.

Macho yako ni mazima, mama. Picha za akili mnemba zimejaa, na mwaka 2025 Pinterest walianza kuziwekea alama, ingawa si zote zinanaswa. Tumia jicho la fundi. Tafuta mshono wa bega: upo? Fuata ua la kitenge linapovuka kiunoni: linakatika kama linavyokatika kwenye kitambaa halisi, au linayeyuka? Zipu iko wapi, na huyu mtu aliingiaje humo? Gauni lisilo na pa kuingilia halishoneki, hata ulipe mara mbili.

Mimi ni fundi, niko Tanga. Naweza kuweka kazi zangu nipate wateja?

Unaweza, kaka. Badili akaunti iwe ya biashara, ni bure, na itakuonyesha ni pini zipi zinatazamwa. Picha iwe ya wima, kipimo cha 2 kwa 3, mfano pikseli 1000 kwa 1500. Piga mchana, kivulini, nguo imepigwa pasi. Kwenye kichwa cha pini andika maneno ambayo mteja angeyaandika akitafuta: "gauni la kitenge la mama mjamzito" linapatikana, "Kazi ya leo" halipatikani na mtu. Weka kiungo cha mahali unapopokea oda. Uso wa mteja ni kwa ruhusa yake. Na usichukue picha ya fundi mwingine ukaiita yako, kwa sababu mteja akiifanyia ule utafutaji wa hatua ya 5, mwenyewe anatokea. Usitarajie simu wiki ya kwanza. Pini huweza kukaa miezi kabla mtu hajaiokota.

Bando langu linaisha kama maji.

Picha zinakula bando, hilo halina dawa. Zinazolimaliza zaidi ni video zinazojicheza zenyewe, kwa hiyo ingia kwenye mipangilio uzizime. Mimi hutafuta nikiwa kwenye Wi-Fi, na mtaani nafungua ubao wangu tu.

Harusi imepita salama. Nifute ubao?

Usiufute, utaondoka na pini zake. Kuna Archive kwenye sehemu ya kuhariri ubao: unatoka kwenye orodha yako, vitu vyake vinabaki. Si una mdogo wako naye amechumbiwa?