Kufufua baiskeli kuukuu: anza na kiungo kilicho kizee kuliko vyote

Mjomba aliponiachia baiskeli yake, Raleigh nyeusi ya magurudumu ya inchi 28, ile ya breki za vijiti vya chuma badala ya waya, ilikuwa imeegemea ukuta Mikindani kwa miaka bila kupandwa. Upepo wa ghuba ulikuwa umeshaila. Kwetu kusini mali ya mjomba kumfikia mtoto wa dada yake si jambo geni. Kilichowashangaza majirani ni kuniona mimi, mwanamke, nimekaa chini ya mwembe na spana naifungua mwenyewe. Tangu hapo nimefungua za wauza samaki, za wabeba mkaa na za walimu, na utaratibu wangu haujabadilika: naikagua baiskeli kwa umri wa viungo vyake. Kilichobuniwa kwanza ndicho nakigusa kwanza, kwa kuwa kila kilichofuata kilikuja kukalia juu yake. Cheni mpya kwenye fremu iliyopinda ni hela iliyotupwa.

Kizee kuliko vyote ni magurudumu mawili yanayofuatana kwenye mstari mmoja, na usukani wa kuyaongoza. Hicho ndicho Karl von Drais alichokitoa barabarani kule Mannheim, Ujerumani, mwaka 1817: karibu yote mbao, haina pedeli, anayeipanda anajisukuma kwa miguu chini kama mtoto. Basi pima mstari huo kwanza. Funga uzi nyuma pale ekseli inapokaa, upeleke mbele uzunguke shingo ya usukani, urudi nyuma upande wa pili. Sasa pima nafasi kati ya uzi na bomba la kiti, kushoto na kulia. Zikilingana, mshukuru Mungu. Zikitofautiana zaidi ya milimita tatu hivi, fremu imepinda, mpelekee anayejua kunyoosha kabla hujanunua kifaa chochote. Pitisha na kidole chini ya mabomba mawili yanayoishika shingo. Rangi iliyokunjamana pale ina maana baiskeli iliwahi kugonga kitu.

Pedeli zilikuja Paris miaka ya 1860, zikafungwa kwenye gurudumu la mbele. Pierre Lallement akapata hataza yake, yaani haki ya mbunifu, Marekani mwaka 1866. Kwako wewe la kukumbuka ni moja: pedeli ya kushoto ina uzi wa skrubu wa kinyume. Kuifungua unazungusha kuelekea saa inavyokwenda. Nimeona krenki, ile mikono inayoshika pedeli, ngapi zimeharibiwa na vijana wenye nguvu waliokuwa wakikaza huku wakidhani wanafungua! Kikombe cha krenki upande wa cheni, kile kinachokalisha gololi kwenye fremu, nacho ni hivyo hivyo, kinyume. Na kama baiskeli yako ni Raleigh ya zamani kama ya mjomba, fahamu kwamba vikombe vyake vina nyuzi 26 kwa inchi, wakati baiskeli nyingi nyingine zina 24. Duka moja liliniuzia kikombe nikaambiwa kinaingia kote. Kiliingia mizunguko miwili kikagoma, na ningelazimisha ningeiua fremu. Nenda dukani na kikombe cha zamani mkononi, uvilinganishe uzi kwa uzi.

Gololi nazipenda kuliko kitu kingine chochote kwenye baiskeli. Tarehe 7 Novemba 1869 yalifanyika mashindano kutoka Paris hadi Rouen, kilomita 123, na aliyeshinda, Mwingereza James Moore, alikuwa na gololi kwenye magurudumu yake, kazi ya fundi Jules Suriray. Fungua haba, kitovu cha gurudumu, mwaga gololi kwenye kibati cha mafuta ya taa, zioshe, kisha zitandaze juu ya kitambaa cheupe na uziviringishe taratibu chini ya kiganja. Yenye doa au kovu utaiona. Ukiikuta moja tu, badilisha zote za upande huo. Gololi mpya ni nene kidogo kuliko zilizolika, kwa hiyo ukizichanganya, ile mpya inabeba uzito peke yake mpaka ipasuke. Haba ya nyuma inachukua gololi za robo inchi, 9 kila upande. Ya mbele inachukua gololi ndogo zaidi, 10 kila upande. Kwenye krenki ni za robo inchi tena, 11 kila upande. Zishike kwa grisi, rudisha koni inayozibana, kaza mpaka ekseli isicheze, halafu legeza kidogo sana kabla ya kufunga nati ya juu. Jaribio langu ni hili: inua gurudumu, liache. Ule uzito mdogo wa valvu ulivute lenyewe mpaka valvu isimame chini. Likisita njiani, umekaza mno.

Spoku ndizo zinazoumwa zaidi pwani. Baba mmoja wa Naumbu aliniletea yake akilalamika, "Mwanangu, kila nikishika kilima nyuma kunalia." Nilipoinama niliona sababu kabla sijagusa kitu. Tenga la samaki linakaa kwenye keria, na maji yake ya chumvi yanadondokea spoku za nyuma moja kwa moja. Vinati vyake, vile vinavyoshika spoku kwenye rimu, vilikuwa vimeota kutu ya rangi ya chungwa mpaka havionekani mapengo ya spana. Usivilazimishe, vitakatika. Tia tone la oili kwenye kila kinati jioni, ulale, asubuhi zungusha robo robo.

Zamani spoku zilikwenda moja kwa moja kutoka kwenye haba hadi kwenye rimu. Mwaka 1874 James Starley wa Coventry, Uingereza, akazilaza zipishane, ili haba inapozungushwa kwa nguvu spoku zivute badala ya kuyumba. Kwa hiyo unapotia mpya usiipitishe popote panapoingia. Tafuta mwenzake anayetoka upande ule ule kuelekea ule ule, uone anapita juu ya nani na chini ya nani, umfuate. Baiskeli za Kiingereza za aina hii zina spoku 32 mbele na 40 nyuma kwa sababu mzigo uko nyuma. Kunyoosha rimu, nafunga chelewa moja ya ufagio kwenye uma, ncha ikiikaribia rimu. Inapogusa kulia, nakaza spoku za kushoto robo mzunguko na kulegeza za kulia kiasi hicho hicho.

Cheni ya vibiringi ni ya Hans Renold, 1880, na mwaka 1885 John Kemp Starley, mtoto wa ndugu wa yule Starley, alitumia cheni kulizungusha gurudumu la nyuma kwenye Rover yake. Ndiyo baiskeli tunayoijua. Pima pingili 24: zikiwa mpya ni inchi 12 kamili. Zikifika 12 na moja ya nane, cheni imekwisha na inayala meno. Kwenye friwili, ile gia ya nyuma inayozunguka bure usipopiga pedeli, tia oili nyepesi tu, maana grisi hugandisha vikucha vya ndani.

Mpira wa upepo ni wa Dunlop, Belfast, 1888, aliutengenezea baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Upepo ukipungua polepole bila kijitundu, usikimbilie kubandika kiraka. Chomoa valvu utazame kile kipira chembamba kilichovikwa juu yake. Kwa joto letu kinanata na kupasuka. Badilisha, kiloweshe kwa mate, kirudishe.

Namalizia na pini za krenki, zile zinazoishika krenki kwenye ekseli yake. Kabla ya kuipiga nyundo, rudisha nati mpaka ilingane na ncha ya pini, usiharibu uzi, na tegemeza krenki kwa kipande cha bomba chini yake. Mbili hizo huingia zikielekea pande tofauti, la sivyo pedeli hazitakaa sambamba. Kisha panda. Mimi naenda Mtwara mjini na kurudi, kama kilomita 10 kila upande, halafu nashuka na spana mkononi, nazikaza nati za pini tena, kwa kuwa lazima zitakuwa zimelegea.