Fangasi wa mapajani: usiache krimu siku ya tano

Mteja wa fangasi wa mapajani namjua kabla hajafungua mdomo. Anasubiri wenzake waishe dukani, ananong'ona "nipe ile ya muwasho", macho yako mlangoni. Karibu ndugu yangu, msimu wa joto nyie ndio wateja wangu wakubwa.

Hatua ya 1. Jikague kwa kioo penye mwanga. Fangasi huchora duara au nusu duara: ukingo umeinuka na una magamba, katikati pamefifia. Angalia na katikati ya vidole vya miguu. Pakiwa peupe panachubuka, tibu pote pawili.

Hatua ya 2. Nunua krimu ya clotrimazole asilimia 1, tupu. Geuza boksi usome: ukikuta betamethasone au clobetasol, irudishe. Hizo ni steroidi. Muwasho unakata siku mbili, unashangilia, kumbe kinga ya ngozi imelazwa na fangasi wanatambaa kuelekea makalioni. Nimepokea watu walioanza na duara la ukubwa wa sarafu, wakarudi na ramani. Mafuta ya Whitfield nayo usipeleke huko, yana asidi, yatakuunguza. Ndimu na kitunguu saumu viache jikoni.

Hatua ya 3. Oga, jikaushe kabisa kwa taulo lako mwenyewe, miguu iwe ya mwisho. Paka asubuhi na jioni, kiasi chembamba, uvuke ukingo wa duara kama sentimita 2. Nawa mikono. Ngozi ikishakuwa safi, endelea wiki 2 zaidi. Hapa ndipo wengi wanapokwama: siku ya tano haiwashi, tyubu inatupwa kabatini, mwezi ujao tunaonana tena.

Hatua ya 4. Boksa au chupi iwe ya pamba, ibadilishwe kila siku, ianikwe juani. Kama miguu nayo inao, vaa soksi kwanza ndipo boksa. Boksa ikipita kwenye vidole inawabeba fangasi hadi juu. (Wateja hucheka hapa, ila ndivyo ilivyo.)

Wiki 4 zikipita bila nafuu, au pakitoa usaha, nenda kituo cha afya. Wanaorudi kila mara waombe wapimwe sukari. Na mtoto mwenye mapunye kichwani usimpake krimu hii ukategemea apone. Yale yanataka dawa ya kumeza, aonwe na daktari.