Pilau la shughuli: jinsi ya kulifikisha kwenye sinia bila kuumiza tumbo la mtu

Napika shughuli: harusi, hitima, maulidi, akika. Miaka ya mwanzo niliamini, kama wapishi wenzangu wengi, kwamba chakula kikishachemka kimeshakuwa salama. Pilau moja la harusi lilinitoa ujinga. Niliepua saa nane usiku, nikafunika sufuria vizuri, nikajinyoosha kwenye mkeka. Likapakuliwa saa nane mchana. Harufu nzuri, ladha nzuri, watu wakaongeza. Saa tano usiku simu zikaanza: matumbo yanakata, watu wanapishana chooni, waliotapika wachache mno. Mtaani wakasema sumu, wengine wakasema husuda. Mimi nilijua ni zile saa kumi na mbili nilizoliacha limefunikwa.

Nyama, mchele na viungo huja na bakteria wenye uwezo wa kujifunga kama mbegu. Moto unaua bakteria, lakini mbegu zinapona. Sufuria likishuka chini ya nyuzi 60 za Selsiasi, mbegu zinachipua. Yupo mmoja, Clostridium perfringens, mpenzi wa nyama na mchuzi mzito. Joto la nyuzi 43 hadi 47 likimkuta, anaweza kuongezeka maradufu kila baada ya dakika kumi hivi. Sufuria la kilo ishirini lililofunikwa linampa joto hilo kwa saa nyingi: pembeni pameshapoa, lakini ukichimba katikati kwa mwiko unatoka mvuke mwembamba, na kidole ukikitia kinavumilia. Kidole kikivumilia, ujue umechelewa.

Hatua ya 1: Hesabu saa kwa kurudi nyuma

Hii ndiyo kubwa kuliko zote. Anzia saa ya kupakua. Wageni wanakula saa saba mchana? Basi epua saa sita, mchele uingie saa nne na nusu. Usiku fanya zile kazi zisizoharibika: kuchambua mchele, kumenya saumu, kutwanga viungo. Nyama ije alfajiri.

Mwenye shughuli atabisha, jiandae. Shangazi wa bwana harusi mmoja alinijia asubuhi amejifunga kanga kiunoni: "Mwanangu, jua lote hili na sufuria hazijapanda motoni? Unataka tuaibike?" Nikamjibu, "Shikamoo shangazi. Saa saba ikifika sinia hazijatoka, nidai." Hakuridhika, akavuta kigoda akakaa kunilinda mpaka adhuhuri.

Hatua ya 2: Nyama mbichi ipewe vyombo vyake

Ubao wake, kisu chake, beseni lake. Kuku usimwoshe karibu na nyanya za kachumbari. Maji yanayoruka ndiyo yanayobeba vijidudu.

Hatua ya 3: Iva mpaka katikati

Shirika la Afya Duniani linataka nyuzi 70 katikati ya pande la nyama. Nyama ya pilau hainisumbui, inachemka kwenye supu yake muda mrefu. Wa kuogopa ni kuku wa kuchoma: nje mweusi, kwenye mfupa damu. Nunua kipimajoto cha kuchomeka kwenye nyama. Wapishi wenzangu walinicheka nilipokitoa mfukoni, sasa wanakiazima.

Hatua ya 4: Lishike moto hadi mwisho

Pilau likishakauka maji, palia makaa juu ya mfuniko na uache mengine chini. Fungua sufuria moja moja, likiisha ndipo ufungue lingine. Usipakue sinia zote mapema eti zipangike vizuri. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili bila moto wala friji.

Hatua ya 5: Kachumbari mwisho kabisa

Haipiti motoni, kwa hiyo inategemea maji na mikono yako tu. Maji yawe yamechemshwa au yametiwa dawa, hasa msimu wa kipindupindu. Anayeharisha asiguse chakula, na mwenye jipu au kidonda kidoleni apewe kazi ya kuni. Usaha una bakteria wanaoacha sumu kwenye chakula, na sumu hiyo haiondoki hata ukipasha.

Hatua ya 6: Kiporo

Najua tunavyokipenda na chai ya asubuhi. Ila kwenye wali kuna bakteria mwingine wa mbegu, Bacillus cereus, na sumu yake ya kutapisha inastahimili moto kuliko jiko lako linavyoweza kutoa. Kiporo kilicholala kwenye sufuria jikoni hakiokolewi kwa kupashwa. Anayekila anaweza kuanza kutapika ndani ya nusu saa hadi saa sita. Ukitaka kiporo, tandaza pilau kwenye trei pana, unene wa vidole viwili, lipoe upesi, liingie kwenye friji kabla ya saa mbili kupita. Kesho pasha mpaka lifuke moshi, mara moja tu. Sufuria zima usilisukume kwenye friji. Katikati litabaki vuguvugu usiku kucha.

Hatua ya 7: Tumbo likishaharibika

Mpe mgonjwa ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji na chumvi mwilini, pakiti moja kwa lita moja ya maji salama, anywe kidogo kidogo. Huna pakiti? Vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, kwa lita hiyohiyo. Akitoa damu, macho yakididimia, mtoto asipokojoa au akilegea, msisubiri kukuche, mpelekeni hospitali. Mjamzito naye asicheleweshwe.

Siku hizi, kabla ya kupakua, nachota kijiko kikubwa cha kila chakula, natia kwenye mifuko safi, naandika tarehe, naweka kwenye friji siku tatu. Simu zikianza tena usiku, afisa afya atakuwa na kitu cha kupima kabla mtaa haujataja jina la jirani.