Vitunguu vya Namanga: kuoanisha karatasi zako na mfumo

Gunia 80 kwenye daftari, tani 4 kwenye ankara, kilo 3,928 kwenye mfumo wa serikali wa mtandaoni. Mzigo ni uleule, lakini afisa wa forodha akiona namba tatu tofauti atashusha na kupima upya, na jua la Namanga halijali kwamba vitunguu vinaoza.

Maelezo haya ni ya anayenunua vitunguu Mang'ola, wilayani Karatu, na kuvivusha kwenda Kenya. Mwenye maharage anayepitia Sirari au Horohoro atabadilisha jina la zao. Kazi ya makaratasi inafanana.

Ankara iwe mama

Karatasi moja iwe mama, nyingine zote zinakili kwake. Ankara ndiyo inayofaa, kwa kuwa ina muuzaji, mnunuzi, uzito na bei kwa pamoja. Ipe namba, tuseme 0047, na namba hiyo iandikwe kila mahali: kwenye orodha ya mzigo, kwenye ombi la cheti cha afya ya mimea, nyuma ya nakala ya daftari, hata kwenye jina la faili la simu.

Jina lako liandikwe kama lilivyo kwenye cheti cha TIN (namba ya mlipakodi), herufi kwa herufi. Jina la mtaani, hata kama soko zima linakufahamu kwa hilo, liache nje. Tarehe andika mwezi kwa neno, "4 Machi", maana 4/3 mmoja atasoma Machi na mwingine Aprili.

Bidhaa nayo itaje kikamilifu. "Vitunguu" peke yake haitoshi: vitunguu maji vibichi viko kwenye namba ya forodha 0703.10.00, vitunguu swaumu viko 0703.20.00. Ukikosea hapo, cheti na tamko la forodha vitakuwa vinazungumzia bidhaa mbili.

Gunia ligeuzwe kuwa kilo

Hapa ndipo wengi wanapoumia. Mfumo unataka kilo, soko linahesabu gunia, na lumbesa (gunia lililojazwa kupita kiasi) inafanya hesabu ya gunia isiwe na maana kabisa. Pima kila gunia, usikadirie kwa macho, kisha fanya hivi:

Gunia 80 zikitoa jumla ya kilo 3,936, hiyo ni pamoja na mifuko. Chukua mifuko 10 mitupu, iweke kwenye mizani kwa pamoja. Ikiwa kilo 1, kila mmoja ni gramu 100, na mifuko 80 ni kilo 8. Uzito halisi ni kilo 3,928. Namba zote mbili ziingie kwenye ankara, kila moja na jina lake, na bei ipigwe kwenye uzito halisi. Kwa sh 1,200 kwa kilo utapata sh 4,713,600.

Badili thamani hiyo kuwa dola kabla hujafanya lingine. Utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unahusu mzigo usiozidi dola 2,000 wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Ukiwa chini ya hapo, fomu ya cheti rahisi cha uasili (kinachoonyesha bidhaa imezalishwa wapi) inajazwa na kugongwa mhuri palepale mpakani, bila kulazimika kuwa na wakala wa forodha. Ukizidi, tafuta wakala mapema. Kuugawa mzigo mmoja kwa majina ya ndugu wawili ni ujanja unaojulikana sana, usijisumbue.

Utaratibu rahisi haukuondolei ukaguzi wa mimea wala vibali vya zao.

Kuomba cheti cha mimea

Maombi kwa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea ya Tanzania, hufanyika kwa mtandao, kupitia mfumo wake wa ATMIS. Kama mnunuzi ana kibali cha kuingiza kutoka KEPHIS, wakaguzi wa mimea wa Kenya, akutumie kwanza, kwa sababu mkaguzi anatakiwa kuona masharti ya nchi inayopokea. Jaza ukiwa na ankara mkononi, lipia kontro namba kabla haijaisha muda, halafu panga ukaguzi wa mzigo wenyewe.

Cheti kikitoka na kosa, hata la herufi moja, usiguse kalamu. Cheti kilichofutwa au kusahihishwa bila kuthibitishwa na mamlaka iliyokitoa hakifai. Rudi waliokitoa.

Karatasi ya kupandisha kwenye mfumo

Weka karatasi mezani karibu na dirisha, zima flashi, piga kutoka juu kabisa ili pembe zote nne zionekane. Tumia programu ya kuskani iliyomo kwenye simu, hifadhi kama PDF, waraka mmoja faili moja. Acha rangi. Ukichagua nyeusi na nyeupe, mhuri wa zambarau uliofifia unapotea, na waraka unaonekana haujagongwa kitu.

Jina la faili: 0047_ankara, 0047_cheti_mimea. Unapomtumia wakala kwa WhatsApp, tuma kama waraka, si kama picha. Picha inabanwa na namba ndogo hazisomeki.

Bahasha ya dereva

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua kumbukumbu za kielektroniki, lakini kwa afisa anayedai cheti chenye mhuri, picha ya kwenye simu haitoshi. Dereva abebe karatasi asili ndani ya bahasha ya plastiki, na nakala mbili za kila moja, kwa kuwa baadhi ya asili huchukuliwa mpakani na hazirudi. Ziskani zote kabla gari halijaondoka.

Risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) ishughulikie siku hiyohiyo. Karatasi yake huchapwa kwa joto, na joto hilohilo huiharibu. Ikikaa kwenye dashibodi maandishi hayasomeki. Usiipeleke kwa laminesheni, itageuka nyeusi tii. Itoe fotokopi, bana risiti na fotokopi pamoja, na hakikisha namba ya uhakiki inasomeka, ndiyo TRA (Mamlaka ya Mapato) wanayoitumia kuitafuta kwenye mfumo. Kumbukumbu za kodi hutunzwa miaka 5, kwa hiyo weka faili za 0047 kwenye akaunti ya mtandaoni pia. Simu huibiwa stendi kila siku.