SOMO: Mtoto yuko chuo kikuu, wewe mzazi unafanya nini?

Wazazi wenzangu, salaam. Somo hili nimelidaiwa muda mrefu, leo nalipa.

Nimefanya kazi ya kushauri wanafunzi wa chuo kwa miaka kadhaa, na nina binti aliyekwishamaliza. Kwa watoto wa watu nilikuwa hodari. Kwa wangu nilivurunda. Mwaka wake wa kwanza nilimpigia simu kila siku saa tatu usiku, nikijiona mzazi wa kupigiwa mfano. Alipofika mwaka wa tatu ndipo aliponiambia, huku akicheka, kwamba saa tatu ndiyo saa maktaba inapofurika. Simu ikitetema anafunga daftari, anatoka mpaka ngazini, ananijibu "nimekula, nasoma, usijali". Akirudi, kiti kimeshakaliwa. Mwaka mzima nilimnyang'anya kiti nikidhani namhimiza kusoma.

Ndiyo maana naanza na hatua ambayo wengi huiruka.

Hatua ya 1: Ijue wiki yake

Mzazi akisikia mtoto ana vipindi vya saa kumi na tano kwa wiki, anahesabu haraka kichwani na kusema, "Kumbe muda mwingi unashinda bure!" Sivyo. Sekondari mwalimu humaliza mada darasani. Chuoni mhadhara unafungua mada tu, kuimaliza ni juu ya mwanafunzi mwenyewe.

Vyuo vya Ulaya vimeliweka jambo hili kwa tarakimu. Katika mfumo wao wa krediti, mwaka mmoja wa masomo una krediti 60, na kila krediti ni saa 25 hadi 30 za kazi. Kwa hiyo somo la krediti 6 linadai saa 150 hadi 180. Humo ndani mna mihadhara, lakini pia mna kusoma vitabu, kuandika kazi za kukabidhi na kujiandaa kwa mtihani. Chuo cha mwanao kinaweza kuhesabu kwa namna nyingine, ila mantiki ni hiyohiyo: ukimwona mchana yuko chumbani na kompyuta, huenda ndiyo yuko kazini.

Mwombe akuoneshe ratiba yake. Usiikague, itazame tu. Muulize siku gani ndiyo ngumu, kisha mkubaliane saa ya kupigiana simu inayomfaa yeye.

Hatua ya 2: Bandika kalenda ya muhula ukutani

Hii ni fupi. Vyuo hutoa kalenda ya mwaka mzima: kufungua, mwisho wa kusajili masomo, wiki za mitihani, likizo. Ichape, ibandike unapopita kila siku. Harusi ya binamu na ukarabati wa nyumba visiangukie wiki za mitihani. Msiba ni jambo jingine, hapo muda hatupangi sisi.

Tazama pia wiki chache baada ya kufungua, shamrashamra za wageni zikishapoa. Upweke hupenda kubisha hodi wakati huo, na wazazi ndipo tunapokuwa tumeshatulia tukidhani amezoea.

Hatua ya 3: Badilisha maswali

Ukichoka kusoma, basi soma hapa tu.

Sisi tuna maswali mawili: "Unaendeleaje?" na "Umepata ngapi?" La kwanza jibu lake ni "poa". La pili linamfundisha mtoto kwamba habari unayoitaka ni alama, kwa hiyo siku alama zikiwa mbaya hana la kukwambia. Atanyamaza, au atadanganya. Nimekaa ofisini na kijana aliyefeli masomo matatu na nyumbani wanajua anaongoza. Hakuwa mwongo wa kuzaliwa. Alidanganya kidogo muhula wa kwanza, wa pili akalazimika kuendeleza hadithi.

Uliza mambo yenye umbo: Wiki hii unakabidhi nini? Mkisoma, unasoma na nani? Somo gani limekukalia vibaya? Yupo mhadhiri unayependa kumsikiliza? Hapo atasimulia, na wewe utajua mengi kuliko ambayo alama zingekuonesha.

Akisema, "Hili somo silielewi," ulimi wetu unawahi kusema "ongeza bidii". Ung'ate. Muulize kama ameshakwenda kumwona mhadhiri. Wengi hutenga saa maalumu kwa wiki za kuonana na wanafunzi, na mara nyingi hukaa peke yao ofisini kwa sababu wanafunzi wanaona aibu. Anachokosa mtoto si bidii, ni sentensi ya kuingilia mlangoni. Msaidieni kuitunga: "Mwalimu, nimefuata mpaka mstari wa tatu, wa nne sioni umetoka wapi." Aiandike kwenye karatasi, aende nayo. Nimewaona waliokwenda na karatasi ya namna hiyo mikono ikitetemeka, wakatoka na nusu saa ya maelezo ambayo darasani wasingeyapata.

Hatua ya 4: Fedha ziwe na siku yake

Kabla ya muhula kuanza, kaeni naye muandike: kodi, chakula, usafiri, vitabu, na kidogo cha kwake asichoulizwa. Tuma kiasi kilekile siku ileile, hata kama ni kidogo. Ukituma kila anapolia, unamfundisha kulia. Na kama hali nyumbani imebana, mwambie ukweli mapema. Vyuo vingi vina misaada au kazi ndogondogo za wanafunzi, lakini huombwa kwa muda maalumu, na asiyejua kuwa kuna shida haombi.

Hatua ya 5: Jua lini uingilie

Uchovu na kulalamika ni kawaida. Kinachonishtua ni mabadiliko yanayodumu wiki mbili na zaidi: usiku halali na mchana haamki, haendi darasani, majina ya rafiki zake yametoweka kwenye maongezi, fedha zinaisha na maelezo hayaeleweki. Wataalamu wa afya ya akili wanatuambia kuwa sehemu kubwa ya maradhi hayo huanza kabla ya umri wa miaka 24, yaani umri uleule wa chuo. Usiyaite uvivu wala mapepo. Nenda ukamwone ana kwa ana, kisha mtafute kitengo cha ushauri cha chuo au hospitali.

Akitamka kwamba amechoka kuishi, muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Asiachwe peke yake, na msaada utafutwe siku hiyohiyo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Nimepiga simu chuoni kuuliza matokeo ya mwanangu, wamekataa kunipa. Ada nalipa mimi! Hii ni haki kweli?

Baba, hasira yako naielewa, ila yule wa simu huenda alifuata utaratibu. Vyuo vingi humhesabu mwanafunzi kuwa mtu mzima na kumbukumbu zake ni zake. Marekani, kwa mfano, ina sheria ya mwaka 1974 inayohamishia haki hiyo kwa mwanafunzi mwenyewe anapofika miaka 18 au anapoanza chuo. Mwombe mwanao mfungue matokeo pamoja. Na kabla hayajafunguliwa, mwambie utafanya nini yakiwa mabaya. Akiijua adhabu au msaada mapema, hatakuwa na sababu ya kuyaficha.

Swali: Wa kwangu anataka kubadilisha kozi mwaka wa kwanza haujaisha. Nimkatalie?

Usikatae, usikubali, mama. Uliza kwanza anakimbia nini na anakimbilia nini. Anayekimbia somo moja gumu anaweza kulikuta tena huko aendako. Anayejua kozi mpya inafundisha nini, ameshaongea na wanaoisoma, na bado anaitaka, huyo msikilize. Kisha aende ofisi ya taaluma aulize mambo matatu: mwisho wa maombi ni lini, masomo aliyofaulu yapi yatahamishwa, na je, miaka itaongezeka? Majibu ayalete kwa maandishi. Mara nyingine safari hiyo ya ofisini peke yake inamaliza mjadala.

Swali: Mwanangu ana sapu mbili. Nimelia sana. Ndiyo amefeli chuo?

Pole, mama. Sapu ni mtihani wa marudio, si kufukuzwa. Soma kanuni za chuo chake: zinasema unarudiwa lini, unaruhusiwa kubeba masomo mangapi kwenda mwaka unaofuata, na wakati gani mtu anadisko, yaani anaondolewa chuoni. Kisha muulize alipoteza wapi alama, kwenye mtihani au kwenye kazi za muhula? Aliyepoteza kwenye kazi ana tatizo la mpangilio, na kalenda inamtosha. Aliyepoteza kwenye mtihani arudi kwa mhadhiri, na ile karatasi ya hatua ya 3 mkononi.

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi shule niliishia njiani, anayosoma mwanangu siyajui hata jina. Nitamsaidiaje?

Marahaba, mwanangu. Mwambie akueleze. Chagua siku moja kwa wiki akufundishe kitu kimoja alichojifunza, na usipoelewa mwambie "hapo nimepotea, rudia". Atakapokwama kukueleza, ndipo atakapojua kuwa hata yeye hajaelewa vizuri. Nimewaona wazazi maprofesa wasioweza kufanya hivyo, maana wao wanakatiza wakaanza kufundisha.

Swali: Ujumbe wangu anausoma, hajibu. Siku tatu sasa.

Je, akaunti zake zinaonekana hai, rafiki zake wamemwona? Kama ndiyo, yuko salama na amechoka na maswali. Mtumie picha ya paka wa nyumbani bila swali lolote, usubiri. Kama hakuna aliyemwona, acha kusoma hapa, piga simu kwa mlezi wa wanafunzi sasa hivi.