Kumpeleka mgeni wa bara kwenye majabali ya Mbudya

Tazama mwezi kwanza, kalenda baadaye. Hilo nilijifunza Agosti iliyopita, Shangazi alipokuja likizo kutoka Singida na mimi nikajitia mwenyeji. Tulifika ufukweni Kunduchi, Dar es Salaam, saa nne asubuhi ili tupande boti kwenda kisiwa cha Mbudya, na usiku wa kuamkia siku hiyo mwezi ulikuwa mpevu. Shangazi akashika kiuno.

"Mwanangu, na hiyo bahari yenyewe imekwenda wapi?"

Ilikuwa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji ya Dar hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni, kisha kila siku huchelewa kama dakika 50. Kwa kupanda boti ni kero, unakunja suruali na kuifuata mbali. Kwa majabali, hapo ndipo penyewe. Lile ni jiwe la matumbawe ya kale, na mawimbi yamelila chini mpaka juu limebaki limening'inia kama kofia ya uyoga. Maji yakijaa unaona kofia tu. Kwa hiyo kama mgeni wako ana magoti mabovu, subiri maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, wiki moja baada ya bamvua. Kama anataka mawe, nenda na bamvua, mlowe miguu.

(Wazee wa pwani huliita genge. Ukisema hivyo kwa mtoto wa Sinza atakuagiza nyanya.)

Safari ni rahisi: daladala ya Barabara ya Bagamoyo inayopita Mwenge, unashuka Mtongani, bajaji hadi ufukweni. Patana nauli ya boti ya kwenda na kurudi kabla hujaingia, na ulipe nusu tu. Kuna kiingilio pia, maana Mbudya ni hifadhi ya bahari tangu 1975, pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini. Beba kitambulisho cha NIDA, Mtanzania halipi sawa na mgeni wa nje. Mkiwa njiani tazama kusini muone Pangavini, kisiwa kidogo ambacho mawe yamekizunguka karibu pande zote.

Mkishuka, agizeni samaki papo hapo. Changu wa kuchoma hana haraka, na ninyi pia msiwe nayo. Mwache mgeni akae bandani upande wa magharibi, penye mchanga, wewe uangalie maji. Yakiwa yamepwa ndipo mwende upande wa mashariki, unaotazama bahari kuu, kwenye mawe.

Raba, tafadhali. Mimi nilikwenda na kandambili kwa sababu nilizaliwa Temeke na najua bahari. Jiwe likanichana kidole gumba, Shangazi akanifunga kwa kipande cha khanga yake huku akinisema mbele za watu. Msisimame ukingoni kabisa wala msikae chini ya jiwe lililoning'inia. Na maji yakianza kupanda, rudini, hata kama picha bado.

Saa ya kurudi mtajie nahodha mapema, na hasa kati ya Juni na Agosti, upepo wa kusi unapovuma. Wetu aliahidi saa tisa, akaja saa kumi na moja, upepo umeshachachamaa. Shangazi alifika Kunduchi amelowa mpaka kilemba. Hakusema neno hadi tulipoingia kwenye bajaji, na hapo akasema mengi.

Makombe na matumbawe msichukue, ni marufuku. Ila mgeni wa bara atataka maji ya bahari ya kwenda kuogea nyumbani. Mchotee mkisharudi Kunduchi, na chupa iwe na mfuniko unaokaza vizuri. Ya Shangazi ilianza kuvujia begi kabla basi halijafika Morogoro.