Somo: Betri inalala nzima, asubuhi imekufa. Tafuta kwa mita kinachokula umeme

Mafundi umeme, na nyote mnaofunga redio, alamu na traka (kifaa cha kufuatilia gari lilipo), leo tushike kazi moja tu: gari inayoegeshwa jioni ikiwa sawa, asubuhi haigeuzi hata stata (mota ya kuwashia injini). Nimeichagua kwa sababu inawamaliza wateja pesa. Mtu anauziwa betri mpya, baada ya wiki mbili anarudi, anaambiwa ni altaneta (inayochaji betri injini ikiwaka), anabadilisha, anarudi tena. Kumbe kuna kitu kinanyonya umeme gari ikiwa imezimwa, na hakuna aliyeshika mita ya kupimia umeme kukitafuta. Fundi anayeuza betri kabla ya kupima anamdhulumu mteja, hata kama hakukusudia.

Hesabu kwanza. Kila gari hula umeme kidogo ikiwa imezimwa: saa, alamu, kumbukumbu ya kontrol boksi (kompyuta za gari), kipokezi cha rimoti. Kwa kawaida ni miliampea 20 hadi 50. Kwa miliampea 50, siku nzima inaliwa Ah 1.2 (Ah ni ampea-saa, kipimo cha umeme uliomo kwenye betri), kwa hiyo betri ya Ah 45 itakaa zaidi ya wiki mbili kabla ya kufika nusu. Sasa chukua taa ya buti ya wati 5 iliyobaki inawaka. Inakula kama ampea 0.4, karibu Ah 10 kwa saa 24. Siku mbili tu betri imeshuka nusu, na kama ni ya zamani, usiku mmoja unatosha.

Hatua ya 1: Pima betri na chaji. Gari ikiwa imepumzika saa kadhaa, betri iliyojaa husoma volti 12.6 hivi. Ikisoma 12.2 iko kwenye nusu, na ikishuka chini ya 12 imekwisha. Washa injini upime tena: utafute kati ya 13.8 na 14.5. Ukiona 12.4 na injini inanguruma, altaneta haichaji, shughulika nayo kwanza. Usianze kutafuta wizi wa umeme kwa betri iliyokufa. Ichaji ijae.

Hatua ya 2: Muulize mwenye gari. Nini kimefungwa karibuni? Redio? Traka? Kamera ya nyuma? Taa za nakshi chini ya dashibodi? Swali hili limeniokolea muda mwingi kuliko kifaa chochote nilicho nacho.

Hatua ya 3: Ilaze gari, yaani iache izime mifumo yake yote. Fungua boneti, fungua mlango wa dereva, kisha sukuma kitasa cha mlango kwa bisibisi mpaka kijifunge, gari iamini mlango umefungwa. Hapo utaweza kufikia fyuzi za ndani bila kuiamsha. Kama ni gari ya kuwashwa kwa kubonyeza kitufe, ufunguo upeleke mbali, mita kadhaa, usiwe nao mfukoni.

Hatua ya 4: Unga mita. Waya mwekundu wa mita uhamishie kwenye tundu la 10A, swichi uweke kwenye ampea za DC. Usianze na tundu la miliampea, maana taa moja ikiwaka tu fyuzi ya mita imekatika. Sasa angalia mpangilio huu, wengi wanauruka. Chukua waya wenye klipu pande zote mbili, klipu moja kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye teminali ya kebo. Ndipo ulegeze teminali na kuitoa. Unga mita mahali hapohapo, kisha toa waya wa klipu. Umeme haukukatika hata sekunde, redio haikupoteza kumbukumbu, na hitilafu uliyokuja kuitafuta haikujifuta. Kuanzia hapo usiguse swichi ya gari kabisa. Stata huvuta zaidi ya ampea 100, itaichoma mita.

Hatua ya 5: Subiri. Hapa ndipo vijana wanaposhindwa. Mita inasoma ampea 2 au 3, mtu anaanza kung'oa fyuzi. Kontrol boksi hazilali papo hapo. Subiri nusu saa, nyingine hufika saa nzima. Namba itashuka kwa vituo. Ikitulia chini ya 0.05, gari ni nzima. Ikigoma kwenye 0.3 au 0.5, sasa una kazi.

Hatua ya 6: Pita kwenye fyuzi bila kuzing'oa. Ukizing'oa na kuzirudisha unaamsha kontrol boksi, unaanza kusubiri upya. Mita ya pili iweke kwenye milivolti, gusa vichuma viwili vidogo vinavyochungulia mgongoni mwa fyuzi. Fyuzi isiyopitisha umeme husoma sifuri. Inayosoma kitu, umeme unapita hapo. Andika jina lake, soma kifuniko cha boksi ujue inalisha nini. Kama fyuzi zote ni sifuri na mita bado inaonyesha ulaji, angalia kebo nene zisizopita kwenye fyuzi hizo, hasa ya altaneta. Dayodi za ndani yake (zinazoruhusu umeme upite upande mmoja tu) zikivuja, umeme unarudi humo. Toa hasi ya betri, fungua kebo nene ya altaneta, izungushie tepu, rudisha hasi, pima tena.

Hatua ya 7: Fuata waya. Kwa magari yetu kutoka Japani mshukiwa wa kwanza ni redio. Redio zile zimetengenezwa kwa FM ya kwao inayoanzia 76 MHz, na nyingi huishia 90, wakati stesheni zetu ziko 88 hadi 108. Ndiyo maana karibu kila gari redio imewahi kuguswa na mtu. Redio ya dukani ina waya wa manjano wa umeme wa kudumu, mwekundu wa swichi (una umeme ufunguo ukiwashwa tu) na mweusi wa hasi. Fundi mvivu anaunganisha manjano na mwekundu pamoja ili redio iimbe hata bila ufunguo. Mteja anafurahi, lakini redio hailali tena. Kwenye Toyota nyingi soketi ya nyuma ina waya wa bluu wenye mstari wa manjano, huo ni wa kudumu. Wa kijivu ni wa swichi, wa kahawia ni hasi. Usiamini rangi peke yake, pima ufunguo ukiwa umezimwa na ukiwa umewashwa. Kisha lehemu maungio, funika kwa mpira unaobana kwa joto. Maungio ya kusokota kwa vidole na tepu ndiyo yanayoleta moto.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Arusha: Fundi, shikamoo. Mimi nilishatoa betri kabla ya kusoma hapa. Sasa redio imejaa Kijapani na inadai kadi.

*Jibu:* Marahaba. Hiyo ni kinga ya wizi. Redio nyingi za Toyota zenye ramani zikikatiwa umeme hudai kadi yake halisi ya ramani au namba ya siri. Mtafute aliyekuuzia gari, huenda kadi ilitolewa na iko kwake. Kama haipo, kuna mafundi wanaofungua kwa namba inayoonekana kwenye skrini. Usiibonyeze ovyo.

Mwanachama, Mombasa: Mkuu, sina mita ya ampea, natumia taa ya kupimia. Haitoshi?

*Jibu:* Itakuonyesha shoti kubwa. Ulaji mdogo wa ampea 0.1 huenda usiione inawaka, na huo unaua betri pia. Nunua mita yenye tundu la 10A na fyuzi yake ndani. Na taa hiyo usiichokoze kamwe kwenye soketi za njano za airbag (mifuko ya hewa ya usalama).

Mwanachama, Mbeya: Traka ya mkopo wa gari ndiyo inayokula. Niikate?

*Jibu:* Hapana, kaka. Traka si yako wala si ya mteja peke yake. Pima inakula kiasi gani, mwandikie mteja namba hiyo kwenye risiti, aende nayo kwa walioifunga. Nzima hula miliampea chache tu ikilala. Wakija kuirekebisha, waombe waweke fyuzi ndogo karibu kabisa na mahali inapochukulia umeme.

Mwanachama, Kigamboni: Na hybrid (gari za injini na mota ya umeme) kama Prius au Aqua, hatua ni hizihizi?

*Jibu:* Ndiyo, kwa betri ndogo ya volti 12, ambayo kwenye nyingi za hizo iko nyuma. Ila kebo za rangi ya chungwa usiziguse. Betri kubwa ya Aqua nyingi ina volti 144, ya Prius nyingi 201.6, zinaua. Kama hujafundishwa hybrid, ishia kwenye betri ndogo.

Mwanachama, Morogoro: Nimefuata zote, mita imetulia 0.03, lakini asubuhi gari haiwaki.

*Jibu:* Basi haibiwi umeme. Ichaji betri ijae, unga mita kwenye volti, mtu apige stata. Ikishuka chini ya 9.6, betri imechoka. Hapo sasa muuzie mpya kwa moyo mweupe. Ikibaki juu na stata inavuta kwa shida, safisha teminali na kebo ya hasi inayofungwa kwenye bodi na injini, kisha unirudishie majibu.